Kutoka injini moja kwenda injini mbili: mwongozo kamili kwa rubani wa ndege binafsi

Wengi wanaohamia ndege ya injini mbili wanaenda na hesabu moja tu kichwani, kwamba ikifa moja iko nyingine ya kunirudisha nyumbani, basi imeisha hiyo. Hesabu hiyo ni kweli kabisa ukiwa juu futi elfu sita, ndege nyepesi na hewa imetulia. Ukiwa futi mia mbili nje kidogo ya mwisho wa runwei, siti zote zimejaa, matangi yamejaa na joto ni kali, hesabu hiyo hiyo ndo inayoua watu. Kwenye injini moja ikizima huna cha kujadili, unashusha pua unatafuta pa kutua. Kwenye mbili una cha kuchagua, na kuchagua ndani ya sekunde tatu nne huku ndege inakuvuta upande mmoja ni mtihani ambao wengi tunafeli, kwa hiyo kazi nzima ya kuhama ni kujifunza kuamua mambo ukiwa bado chini, injini hazijawashwa. Hilo utaliona linarudi rudi humu.

Nimeandika kwa mtu ambaye tayari ana leseni binafsi na anarusha injini moja vizuri, sasa anataka ndege ndogo ya pistoni mbili. Mambo ya tabopropu na jeti ni habari nyingine, siyagusi.

Hatua ya 1: Jiulize unaihitaji kweli au unaitamani tu

Kutamani si dhambi, ila ujue unacholipia. Sababu nzuri za kuwa na injini mbili ni kuruka usiku, kuruka juu ya maji mengi au misitu na milima ambako hamna pa kutua, na kuruka ndani ya mawingu, maana mara nyingi unapata pia altaneta mbili na pampu mbili za vakyumu, kwa hiyo kikifa kimoja mita zako hazizimi. Sababu mbovu ni spidi. Ndege za kisasa za injini moja yenye nguvu zinakimbia karibu sawa na pistoni mbili nyingi kwa mafuta pungufu sana.

Na gharama usizidishe mara mbili ukadhani umemaliza. Injini mbili, gavana mbili za propela, magurudumu ya kukunja, hita inayochoma mafuta kwenye pua, mipira na mabomba kibao, bima ya rubani mgeni... vyote vinataka hela, na injini zote mbili zinakula masaa kwa pamoja, kwa hiyo siku ya ovahoo (kufungua na kukarabati injini nzima) inakuja mara mbili kwa mpigo. Kama ukipiga hesabu unaona itabidi uruke kidogo ili uweze kuimudu, kiukweli baki na injini moja. Injini mbili kwenye mikono ya mtu asiyeruka ruka ni hatari kuliko injini moja kwenye mikono ya mtu aliye moto, yaani anayeruka mara kwa mara, na hapo sibadilishi maneno.

Hatua ya 2: Sheria na masaa

Hii ni fupi. Marekani, chini ya FAA (mamlaka yao ya anga), ukiwa na leseni binafsi tayari huhitaji mtihani mpya wa kuandika kuongeza daraja (retingi) la injini nyingi, na hakuna masaa ya chini yaliyowekwa, mwalimu akiridhika anakusainia unaenda mtihani wa kuruka. Ulaya chini ya EASA (shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya) wamebana zaidi: uwe na masaa 70 ukiwa rubani kiongozi, usome nadharia si chini ya masaa 7, uruke na mwalimu si chini ya masaa 2 na nusu hali ya kawaida na masaa 3 na nusu mengine ya kufanya mazoezi ya injini moja kufa, halafu retingi yenyewe inadumu mwaka mmoja tu wakati ile ya injini moja ya pistoni inadumu miwili. Nchi nyingine zina za kwao, uliza mamlaka yako ya anga kabla hujalipa ada popote. Usifurahie sana shule inayokuahidi retingi wikiendi moja, inawezekana kweli na watu wanafaulu, lakini kinachobaki kwenye miguu na mikono baada ya miezi mitatu ndo cha kupima.

Ushauri wa ziada, kama hujawahi kurusha ndege yenye magurudumu ya kukunja na propela ya kubadilisha pembe, fanya hiyo kwanza kwenye injini moja. Kujifunza vyote siku moja ni kujitafutia kizunguzungu.

Hatua ya 3: Elewa nguvu inakwenda wapi

Hapa ndo watu wengi wanaduwaa. Injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu, sawa, ila uwezo wa kupanda unapotea kama asilimia 80 mpaka 90. Kwa nini? Kwa sababu ndege inapanda kwa nguvu iliyozidi, ile inayobaki baada ya kulipa gharama ya kukaa angani tu bila kupanda wala kushuka. Tuseme ndege yako ina nguvu za farasi 360 jumla, 180 kila upande, na inahitaji kama 150 kubaki level. Zinabaki 210 za kupandia. Moja ikifa una 180, toa 150, zimebaki 30. Kutoka 210 mpaka 30! Na hapo bado hujatoa ukinzani wa propela iliyokufa inayozungushwa na upepo, wala wa ndege yenyewe kwenda ubavu ubavu. Ukivitoa unaweza kujikuta chini ya sifuri, yaani ndege inashuka hata ufanyeje.

Chukua Piper Seminole, ambayo shule nyingi zinaitumia. Injini mbili za farasi 180, zote zikifanya kazi inapanda zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kwenye usawa wa bahari, uzito kamili, injini moja imezimwa na propela yake imefezwa (mapanga yamegeuzwa ubavu kwa upepo yasiukinge), na rubani hajakosea kitu, unapata kama futi 200 na kidogo. Panda uwanja ulioinuka, ongeza joto, hizo 200 zinayeyuka zote.

Na usidhani mtengenezaji alilazimishwa kuhakikisha ndege inapanda na injini moja. Kwa kanuni za zamani za Marekani ambazo ndege nyingi ndogo zilithibitishwa nazo, pistoni mbili yenye uzito usiozidi ratili 6,000 na spidi ya kustoli (ile ambayo bawa linashindwa kuibeba ndege) isiyozidi noti 61 (noti ni maili moja ya bahari kwa saa) ilitakiwa tu ipimwe inafanya nini kwa injini moja kwenye futi 5,000, jibu lingeweza kuwa inashuka na ndege ikapita. Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza chukua kitabu cha ndege yako, fungua jedwali la kupanda kwa injini moja, weka uzito wako halisi na joto halisi la uwanja wako, andika namba uliyopata kwenye karatasi. Wengi wakiiona ile namba wanapunguza abiria wenyewe bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Mstari mwekundu na mstari wa bluu

Kwenye mita ya spidi utakuta mistari miwili ambayo hukuizoea. Mwekundu ni Vmc, spidi ya chini kabisa ambayo bado unaweza kuishika ndege isigeuke wakati injini moja imekufa na nyingine iko full. Wa bluu ni Vyse, spidi inayokupa kupanda vizuri kuliko zote (au kushuka polepole kuliko zote) kwa injini moja. Kwenye Seminole mwekundu uko noti 56, bluu noti 88. Katikati kuna Vsse, ambayo haina mstari, ni spidi ambayo mwalimu haruhusiwi kukuzimia injini makusudi chini yake, Seminole ni 82.

Sasa Vmc inatokeaje. Injini iliyo hai inasukuma upande wake, ndege inataka kugeukia upande wa iliyokufa, wewe unazuia kwa usukani wa mkia. Usukani unapata nguvu kutokana na upepo unaopita juu yake, spidi ikishuka nguvu inashuka, inafika mahali umekanyaga pedali mpaka mwisho na pua bado inakwenda. Ukipita hapo ndege inajilaza kuelekea injini iliyokufa, inajipindua, na ukiwa chini hakuna muda wa kuirudisha. Inatokea haraka kuliko unavyofikiri.

Kuna vitu vinaipandisha Vmc juu ya ule mstari au kuishusha, na unatakiwa uvijue mpaka usiulizwe mara mbili:

Mzigo ukiwa nyuma, Vmc inapanda kwa sababu umbali kati ya kitovu cha uzito na usukani umepungua, wenzo ni mfupi. Ndege ikiwa nyepesi inapanda pia. Propela isiyofezwa inapandisha. Kulaza ndege kuelekea injini iliyo hai kunaishusha sana, ile namba ya kitabuni ilipimwa kwa kulaza mpaka digrii 5, na kila digrii unayopunguza inaongeza kama noti 3, kwa hiyo mtu aliyeweka mabawa sawa sawa kwa mazoea ya injini moja anaweza kuwa na Vmc ya noti 70 huku mstari unamwambia 56. Joto na kimo vinaishusha Vmc kwa injini zisizo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) kwa sababu injini iliyo hai inakosa pumzi, haina nguvu ya kukugeuza.

Hiyo ya mwisho inasikika kama habari njema, siyo. Spidi ya kustoli kwenye mita haishuki na kimo. Kwa hiyo ukipanda, Vmc inashuka mpaka inakutana na stoli, na ukistoli huku upande mmoja uko full power ndege inaingia spini, yaani inaanguka huku inazunguka, na hizi ndege hazikuthibitishwa kutoka kwenye spini. Ndo maana kwenye zoezi la Vmc mwalimu mzuri wakati mwingine anakuzuilia pedali kwa mguu wake nusu, ili upoteze mwelekeo mapema ukiwa bado mbali na stoli, na analifanya juu sana, kiasi kwamba mnamaliza kutoka kabla ya kushuka chini ya futi 3,000 juu ya ardhi.

Kutoka kwenye Vmc ni vitu viwili kwa pamoja: shusha pua, punguza nguvu ya injini iliyo HAI. Ndiyo, unapunguza ile inayokusaidia. Mwili wote unakataa, mkono unataka kusukuma mbele. Ndo maana linafanyiwa mazoezi mpaka lichoshe.

Na injini ya hatari ni ipi? Kama propela zote zinazunguka kulia ukitazama kutoka nyuma, ya kushoto ikifa ni mbaya zaidi, maana mapanga yanayoshuka upande wa kulia wa kila propela yanavuta zaidi pua ikiwa juu, na kwenye injini ya kulia mvuto huo unakaa mbali na mwili wa ndege. Seminole, Beechcraft Duchess na Seneca kuanzia toleo la pili wamelitatua kwa kufanya propela zizunguke kinyume, hivyo hakuna iliyo mbaya kuliko mwenzie. Cessna 337 Skymaster wao waliweka moja mbele moja nyuma, hakuna kuvutwa upande kabisa, ila Marekani ukifanyia mtihani humo retingi yako inabanwa kwa ndege za namna hiyo tu, kwa hiyo kama lengo lako ni Beechcraft Baron au Cessna 310 usipotee njia.

Hatua ya 5: Mifumo ambayo ni mipya kwako

Propela kwanza. Kwenye injini moja yako ya kawaida presha ya oili inapeleka mapanga kwenye pembe kubwa, ikipotea oili yanarudi pembe ndogo. Kwenye mbili ni kinyume: oili inayashikilia pembe ndogo, ikipotea springi, uzito na mara nyingi gesi ya naitrojeni vinayasukuma mpaka yanakaa ubavu kwa upepo yasiukinge. Huko ndo kufeza. Lakini kuna pini ndani zinazozuia propela isifeze yenyewe kila ukizima injini chini, zinajifunga mizunguko ikishuka, kwenye ndege nyingi ni mahali fulani kati ya 700 na 1,000 kwa dakika. Maana yake ni kwamba injini iliyovunjika inayokaribia kusimama, ukichelewa kuvuta leva, haifezi tena, na unabaki na ukuta unaning'inia kwenye bawa. Tafuta namba ya ndege yako, ikariri.

Mafuta: kila injini ina upande wake, na kuna krosifidi ya kulisha injini ya kulia kutoka tangi la kushoto au kinyume. Ni ya safari ndefu kwa injini moja ukiwa level, si ya kutua wala kupaa. Jaribu zote kwenye teksi, kitabu kikiruhusu.

Hita ya kwenye pua inachoma mafuta ya ndege, basi ukishatua izime ila acha feni izunguke dakika chache ipoe.

Hatua ya 6: Ruka na injini zote mbili mpaka uzoee

Usikimbilie kuzimiwa injini. Masomo ya mwanzo ni ya kumiliki ndege ikiwa nzima, maana kila kitu kinakuja fasta, spidi ya kukaribia uwanja, uzito wa yoku, leva sita badala ya tatu (throto ya nguvu, propela na mafuta kwa kila injini).

Chini unaweza kugeuza kwa kutofautisha nguvu za injini, ila usifanye mazoea, unaumiza breki na magurudumu. Angani utasikia sauti ya wuu-wuu-wuu, ni propela mbili hazizunguki sawa. Sogeza leva moja ya propela taratibu sana, wuu inarefuka, inarefuka, mpaka inapotea. Abiria wako wataanza kulala hapo. Kutua, usikate nguvu juu juu kama kwenye ndege nyepesi, upepo wa propela unaopita juu ya mabawa ni sehemu ya unachoelea nacho, ukiukata ghafla ndege inadondoka. Shuka na nguvu kidogo mpaka unyanyue pua.

Hatua ya 7: Uamuzi wa kupaa, ukiwa umesimama

Kama utasoma sehemu moja tu, iwe hii.

Kabla ya kila kupaa unapiga hesabu mbili. Moja, nikikimbia mpaka spidi ya kunyanyua halafu injini ikafa nikafunga breki, nahitaji urefu gani? Kitabu kinakupa. Mbili, nikiendelea badala ya kusimama nitahitaji urefu gani mpaka kuvuka futi 50? Kwa ndege nyingi ndogo hiyo ya pili ni ndefu kupita kiasi au haipo kabisa kwenye kitabu, na kutokuwepo kwake ni jibu tosha. Runwei ikiwa fupi kuliko ile ya kwanza, mimi sipai. Punguza mafuta, punguza watu, subiri jioni pawe na baridi.

Halafu unasema kwa sauti, hata kama uko peke yako, kitu kama hiki:

"Tatizo lolote magurudumu yakiwa chini kwenye ardhi, nafunga throto zote mbili, nasimama. Injini ikifa tumeshanyanyuka, magurudumu bado chini na runwei bado ipo, nafunga zote mbili, natua mbele. Ikifa magurudumu yamekunjwa, pua chini kidogo, mstari wa bluu, zote mbele, flapu, magurudumu, tambua, hakikisha, feza. Leo kwa uzito huu tunapanda futi 150 kwa dakika. Kama haipandi, natua shambani lile la kulia."

Ona hiyo sentensi ya futi 150. Ukiwa umeshaitamka, kichwa hakiji kushangaa ndege isipopanda kama jana. Na kama jibu la jedwali ni sifuri, sema "leo hii ni ndege ya injini moja", yaani ikifa yoyote unatua mbele popote, ukiwa umeishika ndege. Kugonga uzio ukiwa level na spidi ndogo watu wengi wanatoka wazima. Kuanguka kichwa chini baada ya Vmc, hawatoki.

Kunyanyua: usinyanyue chini ya Vmc jumlisha noti 5, hata runwei ikikushawishi. Magurudumu yakunje pale tu ndege imeshapanda kweli na huwezi tena kutua mbele kwenye runwei iliyobaki. Kisha kimbilia bluu mapema.

Hatua ya 8: Imekufa. Fanya hivi

Pua inavutwa, kwa mfano kushoto, sauti imebadilika, kigololi (kile kinachokuonyesha ndege inateleza upande) kimekimbilia kulia. Kitu cha kwanza ni ndege yenyewe: kanyaga pedali ya kulia isimamishe kuvutwa, laza kidogo kulia, shusha pua utunze bluu. Kwenye kupanda pua ilikuwa juu, ukiiacha pale spidi inaporomoka noti kadhaa kila unapofikiri. Kosa la kushikilia pua juu ndo baba wa makosa yote kwenye ndege hizi.

Halafu leva zote mbele, mafuta, propela, throto. Flapu juu. Magurudumu juu.

Halafu tambua. Mguu upi haufanyi kazi? Wa kushoto umelegea, basi injini ya kushoto ndo imekufa. Usitambue kwa mita, mita ya presha ya manifoldi inaweza kuonyesha namba nzuri tu kwa injini iliyokufa.

Halafu hakikisha: rudisha throto ya kushoto taratibu mpaka nyuma. Kama hakuna kilichobadilika kwenye sauti wala kwenye mguu, uko sahihi. Kama pua imeruka, umeshika leva isiyo yake, irudishe. Hatua hii inachukua sekunde mbili na watu wanairuka. Tarehe 4 Februari 2015 ndege ATR 72 ya TransAsia ilipaa Taipei, injini namba 2 ikajifeza yenyewe, rubani kiongozi akavuta na kuzima namba 1 iliyokuwa nzima, ndege ikaangukia mtoni na watu 43 kati ya 58 wakafa. Hao ni marubani wa biashara wenye mashine za kuwasaidia. Wewe peke yako usijione mjanja.

Halafu feza, vuta leva ya propela mpaka nyuma kabisa kupita kizuizi. Hapo ndege inapumua, utaisikia.

Ukiwa juu ya kutosha, tuseme uko safarini futi 7,000, kabla ya kufeza unapata nafasi ya kutafuta sababu: tangi, pampu ya mafuta, magneto, hewa mbadala. Karibu na ardhi usitafute chochote.

Mwisho weka ndege inayoteleza vizuri: kulaza digrii 2 au 3 kuelekea injini iliyo hai, kigololi nusu kimetoka upande huo huo. Ndiyo, kigololi katikati ni makosa hapa, kikiwa katikati na mabawa sawa ndege inakwenda ubavu na kupanda kwako kunaliwa. Kisha trimu ya usukani (kifaa kinachokushikilia pedali), mguu wako hautadumu dakika ishirini.

Mambo ya kukufanyia hivi futi 300 kwa injini halisi mimi siyapendi. Hayo yafanyie kwenye simuleta, ambako unaweza kufa mara kumi asubuhi moja ukaenda kunywa chai. Kwenye ndege halisi karibu na ardhi mwalimu arudishe throto tu, kisha aweke nguvu kidogo inayoiga propela iliyofezwa. Kufeza kweli kweli ni huko juu.

Hatua ya 9: Kutua na injini moja

Watu wanaogopa kupaa wanasahau kutua. Fanya mzunguko wa kawaida, usiukaze wala usiutanue sana. Magurudumu yaweke chini pale tu una uhakika unafika, flapu kamili pale tu runwei ni yako. Baki kwenye bluu mpaka hapo.

Chagua kimo, wengi wanachukua kama futi 400 au 500, ambacho chini yake hakuna kurudi juu tena kwa injini moja. Ng'ombe yuko kwenye runwei? Tua kwenye majani pembeni. Kurudi juu flapu ziko chini, magurudumu nje, spidi iko chini ya bluu, ndo njia fupi ya kwenda Vmc.

Kitu kimoja kinachowashtua wengi: trimu ya usukani uliyoiweka kwa ajili ya injini iliyo hai. Ukipunguza throto kutua, nguvu iliyokuwa ikikuvuta imeondoka lakini trimu bado ipo, pua inakwenda upande wa pili pale pale juu ya namba za runwei. Irudishe katikati ukiwa fainali, yaani mstari wa mwisho kuelekea runwei, uvumilie mguu kidogo.

Hatua ya 10: Mtihani na baada yake

Mtihani wenyewe hauna miujiza: kuzimiwa injini ukikimbia kwenye runwei kwa spidi isiyozidi nusu ya Vmc, zoezi la Vmc, kufeza na kuwasha tena angani, kutua na moja, na maswali mengi ya mdomo kuhusu zile sababu za hatua ya 4. Kama una retingi ya kuruka kwa vifaa, tegemea pia kufanya njia ya kushukia kwa injini moja.

Baada ya kufaulu kampuni ya bima mara nyingi itataka masaa na mwalimu kwenye aina yako ya ndege kabla ya kukuachia. Usiwabishie, yatumie masaa hayo kwa safari za kweli zenye mzigo wa kweli, maana mafunzo yote umefanya watu wawili na mafuta nusu, na Baron iliyojaa ni ndege tofauti kabisa na Seminole ya shule. Safari za milimani angalia kimo ambacho ndege inaweza kubaki kwa injini moja. Kikiwa futi 4,000 na milima ni 8,000, injini ikifa huko juu utashuka, taratibu lakini utashuka, kwa hiyo chora njia ambayo kushuka kwako kunaishia bondeni penye uwanja.

Na kila miezi sita rudi kwa mwalimu ufanye hatua ya 7, 8 na 9 tena, hata kama mamlaka yako inadai mara moja kwa mwaka au haidai kabisa. Katikati ya hapo, kaa kwenye ndege iliyozimwa, funga macho, gusa leva kwa mpangilio huku unatamka, zote mbele, flapu, magurudumu, tambua, hakikisha, feza. Ukijikuta mkono unatafuta leva ya propela kwa kupapasa, bado hujawa tayari kubeba abiria siku hiyo.